Kiwambo cha Sauti kwa Bastola ya Tuu-Tuu: Uliza Kwanza Kama Kinafunguka

Hotuba hii niliitoa mbele ya Waswahili wenzetu wa hapa Texas, Jumamosi tuliyokutana kupiga shabaha. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, kwa ajili ya waliokosa kufika.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo. Wenzetu wa Kongo, jambo yenu. Najua wengine mmetoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja bila kupitia kitandani, na ninawashukuru sana.

Sikio langu la kushoto linalia. Linalia sasa hivi ninaposema nanyi. Ni mlio mwembamba kama wa nyenje wa mchana wa jua kali kule kwetu Tanga, ila nyenje hunyamaza jua likizama. Huu haunyamazi. Mjukuu wangu akitaka kuninong'oneza siri huja upande wa kushoto, maana ndiko kuliko na mkono wa kiti changu, na kila mara inanibidi nigeuze kichwa nimpe sikio la kulia. Ana miaka sita. Ameshazoea. Mimi sijazoea.

Ulemavu huu sikuupata vitani wala kiwandani, ingawa nimekereza vyuma maisha yangu yote. Niliupata kwa bastola ndogo ya pointi tuu-tuu, yaani .22, inayopiga risasi nyembamba ya takriban sehemu 22 za mia za inchi, ile ambayo wengi mnaiita bastola ya watoto. Nilipoanza mchezo huu nilipiga miezi kadhaa bila kuziba masikio, kwa sababu niliona haina kishindo. Haisukumi mkono, haitoi moto mkubwa, risasi zake ni ndogo kama punje ya maharage. Nikaona aibu kuvaa kinga ya masikio mbele ya watu kwa kitu kidogo namna ile. Bandu bandu huisha gogo, na masikio yangu yaliisha hivyo hivyo, kwa vipande vidogo ambavyo sikuviona vikidondoka.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulijua wakati ule. Risasi ya tuu-tuu ikipigwa kwa bunduki yenye mtutu mrefu, kishindo chake huwa karibu desibeli 140. Risasi ile ile, kutoka pakiti ile ile, ukiipiga kwa bastola yenye mtutu wa inchi nne au tano, kishindo kinapanda hadi kwenye 155 hivi, kipimo kikiwekwa kando ya mdomo wa mtutu. Kwa nini? Kwenye mtutu mrefu baruti imeshaungua yote na gesi imeshapoa kabla haijatoka nje. Kwenye mtutu mfupi gesi inatoka ikiwa bado na hasira zake zote, na inatokea karibu zaidi na uso wako. Hapa Marekani kanuni za usalama kazini zinasema mlio wa ghafla usizidi desibeli 140. Kwa hiyo hiyo bastola ya watoto inavuka mpaka huo kila ukivuta kifyatulio.

Kiwambo cha sauti ni bomba linalofungwa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza kishindo. Kizuri kikifungwa kwenye bastola hiyo, kishindo kinashuka hadi kati ya desibeli 115 na 120. Msidhani tofauti hiyo ni ndogo. Kipimo cha desibeli hakihesabu kama mita au kilo: kila ukishuka kumi, nguvu ya sauti imegawanywa kwa kumi. Ukishuka arobaini, umegawanya kwa elfu kumi. Hata hivyo 115 si ukimya. Ni kama kupiga ubao kwa nyundo karibu na wewe. Yale ya filamu, mtu anapiga chumbani na jirani haamki, yaacheni huko huko kwenye filamu. Mimi huvaa kinga ya masikio hata nikiwa na kiwambo, na katika ukumbi wa ndani huvaa mbili, maana jirani yangu wa meza ya pili huenda ana bunduki kubwa isiyo na kiwambo.

Kitu chenyewe si cha ajabu. Mafundi wa gereji mnakijua: ni ekzosi. Gesi inaingia kwenye bomba lenye vyumba vyumba, inazungushwa, inatanuka, inapoa, halafu inatoka polepole badala ya kutoka kwa mpigo mmoja. Na undugu huo ni wa kweli kabisa. Mnamo 1884 Hiram Maxim, Mmarekani aliyehamia London, alibuni ile bunduki ambayo wazee wetu waliiita bombomu. Bunduki hiyo tunaijua kwa machungu yake. Mwaka 1887 Stanley, yule msafiri wa Kizungu, alipita Unguja akachukua wapagazi wapatao 600 kwenda kumtafuta Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kule Sudan, na katika mizigo yake ilikuwamo moja ya bunduki za mwanzo za Maxim. Walipelekwa kwa meli kuizunguka Afrika kusini hadi mdomo wa mto Kongo, wakakata msitu wa Ituri, na waliosalia wakatokea Bagamoyo Desemba 1889. Chuma hicho kilisafiri juu ya mabega ya watu wetu. Maxim mwenyewe, kwa miaka mingi ya kujaribu bunduki zake, aliishia kuwa kiziwi. Mwanawe, Hiram Percy Maxim, mhandisi wa Hartford kule Connecticut, ndiye aliyepata hataza ya kiwambo cha sauti tarehe 30 Machi 1909, na kanuni ile ile akaitumia kunyamazisha mitambo ya injini. Baba alipasua masikio ya watu, ya kwake yakiwamo. Mwana akatafuta dawa. Kila nikifunga kiwambo changu hilo hunijia akilini.

Haya, tuje kwenye kuchagua.

Watu wakinijia huniuliza kipi kinanyamazisha zaidi. Wameangalia video, wamelinganisha namba, huyu kasema 113, yule kasema 116. Nawaambia tofauti ya desibeli mbili au tatu sikio lako halitaikumbuka ukifika nyumbani. Swali la kumuuliza muuzaji kabla ya mengine yote ni hili: kinafunguka? Naweza kukifungua mwenyewe, nyumbani kwangu, nikatoa kila kisahani cha ndani, nikakisafisha na kukirudisha? Kwa bunduki kubwa swali hilo si la lazima, maana viwambo vingi vya bunduki kubwa vimechomelewa na vinajisafisha vyenyewe kwa joto na nguvu ya gesi. Kwa tuu-tuu ni la lazima.

Na sababu yake imo ndani ya lugha yetu. Kiswahili kinaita risasi kile kinachotoka kwenye bunduki, na kinaita risasi yale madini mazito ya kijivu ya kwenye betri za magari. Jina ni moja kwa sababu zamani vitu vyenyewe vilikuwa kimoja. Siku hizi risasi nyingi za bastola kubwa zimevikwa koti la shaba. Tuu-tuu, ambayo imekuwepo tangu 1887, bado nyingi zake ni risasi hasa, madini matupu yaliyopakwa nta au grisi, au yaliyopitishiwa shaba nyembamba kama rangi ya kucha. Zaidi ya hapo, baruti yake huwashwa kwa kugongwa ukingo wa ganda, na ni baruti chafu. Kila risasi ikipita inaacha mvuke wa madini, nta na masizi ndani ya kiwambo. Vikipoa, vinaganda.

Niwaonyeshe kwa mfano wangu. Kiwambo changu cha kwanza kilikuwa cha aina ya mhimili mmoja, yaani badala ya visahani vilivyopangwa, ndani kuna kipande kimoja cha chuma kilichotobolewa na kukatwa kwa mashine. Duka nililonunulia sitalitaja. Muuzaji aliniambia nisihangaike kukisafisha, nikakubali. Nilikipiga karibu risasi elfu mbili. Siku moja nikakishika, nikaona kimekuwa kizito kuliko nilivyokizoea, nikaamua kukifungua. Kifuniko kilitoka. Mhimili haukutoka. Nilikiloweka kwenye mafuta usiku kucha. Nikaweka kijiti cha mbao, nikagonga kwa nyundo ya plastiki, nikagonga kwa nyundo ya mbao, mwisho nikakipeleka karakana nikakisukuma kwa presi. Ulitoka kwa kelele ya chuma kinacholia, na kilichotoka nacho sikukitambua. Vile vyumba vyote vya ndani, vilivyotakiwa kuwa wazi ili gesi izunguke, vilikuwa vimejaa ugumu wa kijivu kama saruji iliyokauka kwenye karai. Nilikwangua nikapima: gramu nyingi za madini, mkononi mwangu, kwenye glavu, na unga wake hewani. Na mimi nilikuwa nimekaa na kitu kile kwenye droo ya chumba cha kulala.

Ndiyo maana leo napenda kiwambo chenye visahani vinavyoshikana kimoja kwa kingine kama vikombe vilivyopangwa, kuta zao zikakutana. Uchafu hubaki ndani ya vikombe, haulifikii bomba la nje, na kwa sababu hiyo rundo zima hutoka kwa kusukumwa na kidole gumba hata baada ya risasi mia tano. Kuna visahani vya umbo la faneli, na kuna vile vinavyofanana na herufi K ukivikata ubavu. Vya herufi K husifiwa sana kwenye bastola, kwa sababu ya mlio wa risasi ya kwanza, ambao nitauelezea. Mhimili mmoja si mbaya kwa anayeusafisha mapema. Lakini nijue nafsi yangu na ninyi mjue zenu: tukitoka kazini tumechoka, hatusafishi mapema. Chagua kitakachokusamehe.

Kusafisha kwenyewe kila baada ya risasi mia mbili na hamsini hadi mia tano kunatosha. Na hapa naomba kina mama na kina baba wenye watoto wadogo mnisikilize kwa makini zaidi ya kote. Madini haya ni sumu. Wataalamu wa afya wanasema hakuna kiwango chochote kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Usisafishie kwenye sinki la jikoni. Usipulize unga kwa mdomo wala kwa kompresa. Vaa glavu, lowesha kila kitu kwanza ili unga usiruke, na ukimaliza nawa kwa maji baridi na sabuni. Nguo ulizopigia shabaha usimbebee mtoto. Na kuna mchanganyiko ambao watu wanaelekezana, wa siki na dawa ya kuoshea vidonda, wanaloweka visahani humo na madini yanayeyuka. Yanayeyuka kweli, lakini maji yanayobaki yamekuwa sumu inayopenya hata kwenye ngozi, na huwezi kuyamwaga popote. Usifanye. Alumini ukiitia humo nayo inaliwa. Tumia mafuta ya kusafishia silaha, brashi na subira, au mashine ya kutikisa kwa maji ikiwa visahani vyako ni vya chuma. Anayepiga kila wiki amwombe daktari ampime kiwango cha madini ya risasi kwenye damu. Ni kipimo cha kawaida. Mimi hupima kila mwaka.

Hilo linatupeleka kwenye chuma kilichotumika. Alumini ni nyepesi na ya bei nafuu, na kwa tuu-tuu peke yake inafaa, mradi kisahani cha kwanza, kile kinachopokea moto, kiwe cha chuma. Ubaya wake ni kwamba haivumilii brashi ngumu, inachubuka. Chuma kisichoshika kutu ni kizito lakini unaweza kukisugua utakavyo. Titaniamu iko katikati kwa uzito na juu kwa bei. Kwenye bunduki uzito hausumbui sana. Kwenye bastola unasumbua, kwa sababu unaning'inia mwisho kabisa wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kiwambo kiitwacho Dead Air Mask, ambacho wengi hapa wanacho, kina uzito wa gramu 187 hivi na urefu wa inchi tano na ushei. Kimetengenezwa kuvumilia kazi. Kingine, Banish 22, ni cha titaniamu na hakifiki gramu 120. Nimepiga vyote viwili mara nyingi. Mwanzoni gramu zile sabini utaona si kitu. Ifikapo magazini ya sita, mkono wa mama mwenye umri wangu utazitambua bila mizani. Kwa bastola tu, chukua chepesi. Kama kitahama kila mara kwenda kwenye bunduki, au una mpango wa kupiga risasi zenye nguvu zaidi kama .22 Magnum, soma orodha ya mtengenezaji na uchukue kigumu. Si kila kiwambo cha tuu-tuu kinaruhusiwa kupigiwa Magnum.

Wanaotaka kifupi watapenda vile vinavyogawanyika vipande viwili, unaondoa nusu ya mbele kinakuwa kifupi. Rugged Oculus ni cha namna hiyo. Kwa bastola umbo fupi linapendeza, ila utalipa kwa sauti kidogo.

Mzee wangu wa mstari wa mbele ameniuliza asubuhi kuhusu thredi, na hapo ndipo mkerezaji ndani yangu anapoamka. Mdomo wa mtutu lazima uwe umekatwa nyuzi za kufungia kiwambo. Hapa Marekani tuu-tuu hutumia kipimo cha nusu inchi kwa nyuzi 28 kila inchi. Bastola za Ruger za Mark IV zinazouzwa tayari kwa kiwambo zina kipimo hicho hicho, nazo ndizo ninazompendekezea anayeanza: mtutu wake umekaa imara, haunyanyuki wala kurudi nyuma kama wa bastola nyingi za milimita tisa. Kwa sababu hiyo hazihitaji ile springi ya ziada inayouzwa pamoja na viwambo vya bastola kubwa. Muuzaji akikuuzia springi hiyo kwa ajili ya tuu-tuu, mrudishie. Lakini bastola zenye asili ya Ulaya ni hadithi nyingine. Walther P22 ina nyuzi ndogo za milimita na inahitaji kipande cha kati cha kuunganishia. Na zipo silaha za Ulaya zenye nusu inchi kwa nyuzi 20, ambazo kwa macho huwezi kuzitofautisha na zetu. Ukilazimisha itaingia mizunguko miwili, ikaume, na umeharibu vitu viwili kwa mpigo mmoja.

Kipande hicho cha kati ndicho kilichoniponza mara ya pili. Nilikifunga kwa mkono, nikafunga kiwambo juu yake, nikapiga. Baada ya magazini tatu mtikisiko ulilegeza kipande, kiwambo kikainama kiasi ambacho jicho halikuona. Risasi iliyofuata ilitoka na mlio wa kengele iliyopasuka. Nilipokitazama kwa mbele, tundu la kutokea, ambalo lilikuwa duara safi, lilikuwa limekuwa na umbo la yai, na ubavuni kuna mkwaruzo unaong'aa kama mwezi mwandamo. Nashukuru Mungu kipande hakikumrukia mtu. Tangu siku hiyo hufanya mambo mawili. Naingiza kijiti cha chuma kilichonyooka, kinachouzwa kwa kazi hiyo, ndani ya mtutu wa bastola tupu hadi kitokee mbele ya kiwambo, nikaangalia kama kimekaa katikati ya tundu. Na kila nikibadili magazini, mdomo ukielekea kwenye shabaha na kidole kikiwa mbali na kifyatulio, nakikaza kiwambo tena kwa kitambaa. Huchukua sekunde mbili.

Angalieni na macho ya kulengea. Kiwambo kina unene wa inchi moja hivi. Kwenye bastola yenye macho mafupi, utakuwa unatazama mgongo wa kiwambo badala ya shabaha. Kioo cha nukta nyekundu kinamaliza tatizo hilo, na kwa sisi tuliovuka hamsini kinamaliza matatizo mengine pia.

Kuhusu risasi zenyewe, bastola ina bahati ambayo bunduki haina. Kiwambo hakiwezi kuzuia mlio wa risasi inayokwenda kasi kuliko sauti. Ule hupasuka hewani mbele, nje ya kiwambo. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde siku ya joto la nyuzi 20, na hupungua kasi siku ya baridi. Kwenye bunduki risasi kali za tuu-tuu huvuka hapo. Kwenye mtutu mfupi wa bastola, nyingi hazifiki. Kwa hiyo huna haja ya kununua zile za gharama zilizoandikwa za polepole, ambazo mara nyingi hazina nguvu ya kurudisha bolti na bastola inakwama kila risasi ya tatu. Mimi hutumia risasi za kampuni ya CCI za mwendo wa kawaida, futi 1,070 kwa sekunde kwa maandishi ya pakiti, yaani mita 326 hivi. Zinafyatua, zinatoa ganda, na hazinichoshi.

Niliahidi kueleza mlio wa risasi ya kwanza. Kiwambo kikikaa kimya kinajaa hewa ya kawaida yenye oksijeni. Risasi ya kwanza ikipita, baruti iliyobaki inaungua tena ndani kwa oksijeni hiyo, na mlio unakuwa mkubwa kuliko wa zinazofuata. Kwenye bastola husikika wazi. Ukijaribu kiwambo kwa mtu, sikiliza hiyo ya kwanza, usisikilize ya tano. Na mjue kuwa kiwambo kinarudisha gesi nyuma kupitia tundu la kutolea ganda, kuelekea usoni. Miwani ni lazima.

Sasa sheria. Sitakawia hapa, ila nitasema kwa sauti, kwa sababu kosa la hapa linaweza kukutoa nchini. Mtu mwenye viza ya muda, mfano ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki silaha wala kiwambo. Kuna nafasi finyu sana na si ya kubahatisha, muone mwanasheria. Mwenye grini kadi au uraia anaruhusiwa, akiwa na miaka 21 kwa kununua dukani na hana kizuizi kingine cha kisheria. Kiwambo kimo kwenye sheria ya mwaka 1934, iliyoweka kodi ya dola 200, fedha iliyokuwa mara nyingi zaidi ya bei ya kiwambo chenyewe wakati huo. Sheria iliyotiwa saini 4 Julai 2025 iliishusha kodi hiyo hadi sifuri kuanzia 1 Januari 2026. Watu wamesikia hilo wakadhani milango iko wazi. Kodi imeondoka, usajili umebaki: fomu namba 4 ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha, alama za vidole, picha, na kusubiri kibali kabla hujakitoa dukani.

Ukikisajili kwa jina lako, ni chako peke yako. Ukienda kazini ukamwachia mkeo ufunguo wa kasha, umemtia kwenye kosa bila yeye kujua. Ndiyo maana familia nyingi hufungua trasti, yaani hati ya kisheria ya kumiliki mali kwa pamoja, na kuandikisha wote wawili. Mume na mke, kaeni chini mzungumze kabla ya kujaza fomu.

Madereva wa malori, hili ni lenu. Majimbo 42 yanaruhusu. Manane hayaruhusu: California, Delaware, Hawaii, Illinois, Massachusetts, New Jersey, New York na Rhode Island. Kutoka Indiana kuingia Illinois ni daraja na kibao tu barabarani, lakini kilichokuwa halali upande huu ni jinai upande ule. Kiwambo kibaki nyumbani. Vile vile usikifunge sandukuni ukienda likizo Dar au Mombasa, au Lubumbashi. Kukitoa Marekani bila kibali cha serikali ni kosa kubwa hata kabla hujafika uwanja wa ndege wa kwenu.

Na vijana, kuna vitu vinauzwa mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana, vinaitwa mitego ya mafuta ya kusafishia au vichujio, na kila anayevinunua anajua ni vya nini. Kukitoboa kimoja bila kibali ni kutengeneza kiwambo kisichosajiliwa, na kifungo chake kinafika miaka kumi. Mimi ni mkerezaji. Ninayo mashine, ninao ujuzi, ningeweza kukereza visahani kwa macho yaliyofumbwa. Vya kwangu vimenunuliwa, vyote vina namba. Hata kisahani kimoja cha akiba sina nyumbani, maana mbele ya sheria kisahani cha akiba nacho ni kiwambo. Kikiharibika hurudi kwa mtengenezaji.

Basi, mezani pale kuna bastola tatu za tuu-tuu. Zote ziko tupu, zina vibendera vya manjano kwenye chemba, mnaviona. Zina viwambo vya aina tatu: cha mhimili mmoja, cha faneli na cha herufi K. Cha katikati nimekifungua na kuvipanga visahani vyake kwenye trei, vichafu kama vilivyotoka jana, ili mwone wenyewe. Glavu ziko kando, watoto wasiguse. Kila mtu atapiga tano bila kiwambo akiwa ameziba masikio, kisha tano akiwa nacho, bado akiwa ameziba. Mzee wangu wa thredi, njoo wewe kwanza. Kijiti cha kupimia ninacho mfukoni, na ulete ile bastola yako ya Kijerumani tuione mdomo.